Wapigaji wa Kukodiwa Kwenye Bendi Kubwa za Roki Hulipwa Pesa Ngapi?

Mwaka 1980 na 1981, bendi ya Uingereza ya Pink Floyd ilifanya shoo ambazo mashabiki wa roki wanazizungumzia mpaka leo. Bendi ikiendelea kupiga, mafundi walikuwa wakijenga ukuta wa matofali ya karatasi ngumu mbele ya jukwaa, tofali juu ya tofali, mpaka wanamuziki wakafunikwa kabisa. Kuhamisha mzigo huo wote kutoka mji hadi mji ilikuwa gharama si mchezo, kwa hivyo shoo zilifanyika sehemu nne tu: Los Angeles, nje kidogo ya New York, London na Dortmund kule Ujerumani. Watu walijaa. Hata hivyo, hesabu zilipofungwa, bendi ilikuwa imekula hasara.

Lakini kuna mtu mmoja stejini aliyerudi nyumbani na faida. Richard Wright, mpiga kinanda, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa bendi hiyo. Wakati wa kurekodi albamu yao ya 1979 walikosana, akatolewa. Kwa zile shoo akakubali kubaki kama mtu wa mshahara tu. Wenzake watatu walikuwa wenye biashara, kwa hivyo hasara ilikuwa yao. Yeye alikuwa kibarua, na kibarua hulipwa siku yake ikifika, tiketi ziwe zimeuzwa au hazijauzwa.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu watu wengi wakiona bendi kubwa inajaza uwanja wa watu elfu sitini, hudhani kila anayeonekana stejini anaoga pesa. Si hivyo. Kuna wenye bendi, na kuna waliokodiwa. Wanavaa nguo za kufanana, wanapigiwa makofi sawa, lakini pesa zao zinatoka mifuko tofauti kabisa. Na wewe kama unaishi kwa kazi za kuitwa, iwe ni kupiga gitaa harusini, kupiga picha, kufunga mahema au kuendesha gari la watalii, utaona hesabu zao zinafanana na zako kuliko unavyofikiria.

Mchukue Darryl Jones. Huyu ni mpiga besi kutoka Chicago ambaye alikuwa amepiga na Miles Davis kabla hajawa maarufu kwa mashabiki wa roki. Bill Wyman alipoacha Rolling Stones mwanzoni mwa miaka ya 1990, Jones ndiye aliyechukua nafasi ya besi. Amezunguka nao dunia kwa zaidi ya miaka thelathini. Na mpaka leo si mwanachama rasmi wa Rolling Stones. Kwenye picha rasmi za bendi humwoni. Ni mtu wa kukodiwa, ingawa kwa miaka yote hiyo mguu wake umekuwa ndani kuliko wa wengi.

Sasa, pesa zenyewe. Malipo ya mtu wa kukodiwa kwenye ziara kubwa kwa kawaida hupangwa kwa wiki. Kwa bendi kubwa za kumbi na viwanja, kinachotajwa mara nyingi ni dola elfu chache kwa wiki. Wanaojulikana kwa majina, ambao bendi ingehangaika kuwapata wengine wa kiwango chao, hupanda juu zaidi. Mikataba hii ni ya siri, lakini mara mojamoja takwimu hutoka nje. Richard Wright tena: Pink Floyd walipomrudisha kazini katikati ya miaka ya 1980, bado kama mtu wa kulipwa, kiwango kilichoripotiwa kilikuwa dola 11,000 kwa wiki. Hiyo ilikuwa pesa ndefu sana wakati ule, na ilikuwa bei ya mtu ambaye jina lake peke yake liliwasaidia kwenye kesi waliyokuwa nayo juu ya nani ana haki ya kutumia jina la bendi. Usitumie kiwango hicho kukadiria mshahara wa mpiga tarumbeta wa nyuma.

Juu ya malipo ya wiki kuna posho ya siku. Hii ni pesa ya chakula na matumizi madogo ukiwa safarini. Hoteli na ndege hulipwa na bendi. Siku za mazoezi kabla ziara haijaanza hulipwa pia, mara nyingi kwa kiwango cha chini kuliko siku za shoo, na hapo ndipo watu wageni wa kazi hii huumia: wanakubali bei ya wiki bila kuuliza wiki nne za mazoezi zinalipwaje. Halafu kuna malipo ya kukushikilia. Ziara ikipumzika miezi miwili na bendi haitaki uchukue kazi kwingine, inaweza kukulipa sehemu ya mshahara ili ubaki wao. Kama hakuna kitu kama hicho kwenye mkataba, mapumziko ya bendi ni njaa yako.

Hebu tupige hesabu. Huu ni mfano tu, tumeutunga ili uone jinsi pesa zinavyopungua njiani. Tuseme mpiga gitaa analipwa dola 3,000 kwa wiki, na ziara ni wiki 30. Hiyo ni dola 90,000. Kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola, ni shilingi milioni 11.7. Mtu anasikia hivyo anaanza kumuulizia huyo mpiga gitaa kama ana dada.

Lakini mwaka una wiki 52. Wiki 22 zilizobaki hazina bendi. Ukigawanya zile 90,000 kwa miezi kumi na miwili unapata dola 7,500 kwa mwezi, na bado hatujakata kitu. Kama kule Marekani anahesabiwa ni mtu aliyejiajiri, kodi ya kuchangia pensheni na matibabu ya uzeeni ni asilimia 15.3, na inamwangukia yote. Angekuwa mwajiriwa wa kawaida, mwajiri angebeba nusu yake. Kodi ya mapato inakuja juu ya hiyo. Bima ya afya anajinunulia mwenyewe, na bima ya Marekani haina huruma. Vyombo ni vyake na matengenezo ni yake. Nyumba aliyoiacha kwao inaendelea kudai kodi ya kila mwezi huku yeye akilala hotelini Ulaya. Ukimaliza kutoa hivyo vyote, yule bwana wa milioni kumi na moja anaishi kama fundi mzuri wa mjini. Si maskini. Lakini pia si yule unayemwona stejini akimulikwa na taa.

Mgeni anayekwenda kupiga huko hukatwa hata kabla hajaiona pesa. Marekani hukata asilimia 30 ya malipo ya mwanamuziki wa nje anayelipwa kama mkandarasi, na hukata kwenye jumla yote kabla ya kutoa gharama, isipokuwa kama kuna makubaliano ya mapema na mamlaka ya kodi. Uingereza nayo hukata asilimia 20 kwa wasanii wa nje. Kwa hivyo mwanamuziki wa Kenya akialikwa kwenda kumsindikiza mtu kule, swali la kwanza kwa meneja liwe hili: bei uliyonitajia ni kabla ya makato ama baada yake?

Tuje kwenye kile ambacho mtu wa kukodiwa hapati. Hapati sehemu ya tiketi. Hapati sehemu ya fulana na kofia zinazouzwa nje ya uwanja, na hizo kwa bendi kubwa ni biashara nzima. Hapati mrabaha wa nyimbo anazopiga kila usiku, kwa sababu hakuzitunga. Ziara ikiuza mara mbili ya ilivyotarajiwa, yeye bado ni 3,000 kwa wiki. Hapo ndipo upande wa pili wa kisa cha Wright unapoonekana. Mshahara ulimkinga na hasara ya 1980. Ziara ikiwa na faida, mshahara huohuo unakuwa dari juu ya kichwa chako.

Kwenye studio mambo huwa makali zaidi, kwa sababu unalipwa mara moja na wimbo unaishi miaka hamsini. Mwimbaji Clare Torry aliitwa studio mwaka 1973 kuimba kwenye wimbo mmoja wa Pink Floyd, wimbo usio na maneno, sauti tupu. Alilipwa pauni 30. Ilikuwa Jumapili, kwa hivyo hiyo pauni 30 ilikuwa tayari imeongezwa mara mbili ya kawaida. Albamu ile ikawa miongoni mwa zilizouzwa zaidi katika historia. Mwaka 2004 alikwenda mahakamani akidai kwamba alichokiimba kilikuwa utunzi, si uimbaji tu, na mwaka uliofuata wakamaliza nje ya mahakama. Tangu hapo jina lake linaandikwa kama mtunzi mwenza. Miaka thelathini na zaidi ilipita kati ya zile pauni 30 na kalamu kuweka jina lake pale.

Waliorekodi bila jina siku hizi wana kitu kidogo cha kutegemea. Kwa redio za kidijitali, sheria ya Marekani inatenga asilimia 5 ya mirabaha ya rekodi kwa wapigaji na waimbaji ambao si wasanii wakuu. Lakini hiyo ni ya aliyeshiriki kurekodi. Aliyezunguka na bendi tu, akapiga nyimbo zilizorekodiwa na mwingine, haimhusu.

Kuna wanaovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na ukitazama jinsi walivyovuka utaelewa tofauti ya pesa vizuri zaidi. Ronnie Wood alianza kupiga na Rolling Stones kwenye ziara ya 1975. Picha zilipigwa, mashabiki wakampokea, akahesabiwa mwanachama. Ila kwenye vitabu vya hesabu alibaki mtu wa mshahara mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, ndipo akawa mbia wa kweli. Zaidi ya miaka kumi na tano akiwa kwenye picha ya familia huku jina lake haliko kwenye hati ya shamba! Robert Trujillo naye alikuwa mpiga besi wa kulipwa kwa Ozzy Osbourne. Metallica walipomchukua mwaka 2003 walimpa dola milioni moja kama malipo ya awali ya kumkaribisha kuwa mwenzao, na tukio lenyewe linaonekana kwenye filamu yao ya 2004. Ukimtazama usoni wakati anaambiwa, unaona mtu ambaye hajui aweke mikono wapi.

Kisa kinachotugusa zaidi lakini ni cha kijana aliyekodiwa kwa muda mfupi kuliko wote. Juni 1964, siku moja kabla ya ziara, Ringo Starr wa Beatles aliugua koo akalazwa hospitalini. Ziara haikuweza kusimama. Wakamwita Jimmie Nicol, mpiga dramu wa London mwenye miaka 24. Kesho yake alikuwa Copenhagen, amevalishwa suti ya Ringo, wasichana wanapiga mayowe. Akaenda nao Uholanzi, Hong Kong na Australia. Chini ya wiki mbili baadaye Ringo akapona, akaungana nao Melbourne. Nicol aliondoka asubuhi. Kwenye uwanja wa ndege meneja wa bendi, Brian Epstein, alimkabidhi hundi ya pauni 500 na saa ya dhahabu.

Pauni 500 mwaka 1964 ilikuwa pesa ya maana kwa kijana wa rika lake. Mwaka uliofuata, 1965, Nicol alitangazwa kufilisika, akiwa na madeni yaliyoripotiwa kufika pauni 4,000. Alikuwa amejaribu kusimamisha bendi yake mwenyewe kwa nguvu ya zile siku chache za umaarufu, na watu hawakuja. Hatumcheki. Mtu akipata pesa kubwa ya ghafla kwa kazi moja, akili humwambia kwamba kazi ya pili iko njiani. Tumeona hilo kwa watu wengi hapa kwetu, na hawakupiga dramu za mtu yeyote. Mtu analipwa vizuri na mradi wa miezi mitatu, anahamia nyumba ya kodi kubwa mwezi wa pili.

Machi 2020 ilipofika, ziara zote duniani zikasimama. Wenye bendi walikuwa na mirabaha ya nyimbo za zamani, zinasikilizwa hata watu wakiwa wamefungiwa nyumbani. Waliokodiwa walikuwa na kalenda tupu. Mkataba wa kulipwa kwa wiki hauna wiki kama hakuna ziara.

Chuck Leavell ni mfano wa kinyume cha Nicol. Amepiga kinanda na Rolling Stones tangu 1982, naye pia ni wa kukodiwa. Lakini kwao Georgia yeye na mkewe ni wakulima wa miti. Wana shamba kubwa la misitu, na mwaka 1999 walitajwa kuwa wakulima bora wa miti Marekani nzima. Msonobari haujui kama Mick Jagger amepumzika mwaka huu. Unakua tu.

Sasa turudi nyumbani, maana hata hapa Kenya wapigaji wa kukodiwa ni wengi: bendi za hoteli, harusi, matamasha ya kaunti, wasanii wa injili wanaohitaji watu wa kuwasindikiza mkutanoni. Tofauti kubwa na kule ni kwamba malipo hapa ni kwa shoo, si kwa wiki, na mara nyingi yanapitia kwenye simu. Na hapo tuna la kusema, kwa sababu simu hiyo ndiyo kazi yetu.

Jambo linalowachanganya wengi ni nauli na mshahara kuingia pamoja. Promota anakutumia 8,000 kwa mkupuo, ndani yake mna nauli ya Nairobi hadi Kisumu, chakula na malipo yako. Ukifika nyumbani huna kitu, unajiuliza pesa ilikwenda wapi. Kumbe malipo yako yalikuwa 4,500 na ukayala barabarani. Zile bendi kubwa zimetenganisha posho na mshahara kwa sababu hiyo. Mwombe promota atume mara mbili, nauli na chakula peke yake, malipo peke yake. Atalipia ada ya kutuma mara mbili, ni kweli, na wengine watanung'unika. Asipokubali, fanya mwenyewe: pesa ikiingia tu, hamisha sehemu ya malipo iende kwenye akiba yako ya simu kabla hujapanda gari.

Omba malipo ya kwanza kabla ya siku ya shoo. Nusu ni kawaida. Tarehe ya kukamilisha iandikwe kwenye ujumbe, hata kama ni wa WhatsApp tu: nani, siku gani, kiasi gani, na salio litalipwa lini. Ujumbe huo pamoja na ule wa pesa kuingia kwenye simu ndio ushahidi wako siku mtu akianza kusema mlikubaliana kingine. Usifute meseji za malipo kwa sababu simu imejaa. Na hata ukizifuta, unaweza kuomba taarifa ya miamala yako, ya miezi sita au mwaka mzima. Taarifa hiyo ina kazi nyingine pia. Mtu wa kazi za kuitwa hana barua ya mshahara ya kupeleka kwa sacco au benki, lakini taarifa inayoonyesha pesa zinaingia mwezi baada ya mwezi ni kitu cha kuweka mezani. Ndiyo maana tunapenda malipo yako yaingie kwa laini yako mwenyewe, wala si kwa laini ya rafiki anayeyatoa kwa wakala na kukuletea mkononi.

Kuhusu mirabaha, kama umeshiriki kurekodi hapa Kenya, kuna vyama vinavyosimamia haki za waigizaji na wapigaji. Jisajili ukiwa bado unakumbuka ulipiga kwenye nyimbo zipi.

Na kama utapigiwa simu siku moja uambiwe kuna bendi ya ng'ambo inataka mpiga besi wa ziara ya miezi mitatu, mshahara ni dola kadhaa kwa wiki, na unachotakiwa kufanya leo ni kutuma 15,000 ya kuharakisha visa, kata simu. Ziara ya kweli humlipa mwanamuziki. Jimmie Nicol aliitwa ghafla kuliko mtu yeyote, na hakuombwa hata nauli ya kwenda uwanja wa ndege.